Mlio wa Chumba cha Nyuma

Umeme ulikatika Jumamosi asubuhi, wanajumuiya wakiwa katikati ya sala nyumbani kwa Ruthu. Taa ya sebuleni ilizimika na hakuna aliyeshtuka, kwa sababu jua la Nzuguni lilikuwa limeshapanda juu ya mabati na watu walikuwa wamefumba macho. Kilichowashtua ni sauti iliyoanza kutoka chumba cha nyuma. Piii. Kimya. Piii. Kimya.

Ruthu alikuwa jikoni anamimina chai kwenye chupa. Alipoisikia sauti ile mabega yake yalishuka. Ilikuwa UPS, kile kisanduku cheusi chenye betri ndani, ikisema kwamba umeme wa ukutani umeondoka na sasa inatumia wa kwake. Maana yake mashine ya kutotolesha mayai iliyounganishwa nayo ilikuwa inaendelea na kazi: feni yake inazunguka, joto lake halijashuka. Ruthu akafunga kifuniko cha chupa na kuanza kupanga vikombe.

Siku hiyo hakutaka jambo lolote liiguse mashine ile. Mayai yalikuwa katika siku za mwisho. Kesho yake alfajiri vifaranga walitakiwa kuanza kutoboa. Tena trei ya chini yote ilikuwa ya Naima, jirani wa mtaa wa pili, aliyeyatoa mayai yake kwa mama yake huko Busi na kuyapakata njia nzima ndani ya ndoo ya pumba. Tangu yaingie mashineni, ugonjwa wa kideri ulipita Busi na kumaliza banda zima la mama yake. Kuku wa shingo nyekundu, mbegu iliyokuwa ya bibi yake Naima kabla haijawa ya mama yake, wote walifukiwa shimo moja. Yaliyobaki ni hayo mayai ya trei ya chini.

Sebuleni mambo hayakuwa mepesi. Methusela, mwenyekiti wa jumuiya, alikuwa anawaombea wagonjwa mmoja mmoja kwa majina, na kila akitaja jina, sauti ya chumba cha nyuma ilimdakia.

"Tunamkumbuka dada yetu aliyelazwa juzi," alisema Methusela.

Piii.

"Na kijana wetu aliyeanguka na pikipiki."

Piii.

Mama mmoja aliyekaa kwenye mkeka alianza kutetemeka mabega, na ilikuwa wazi hakuwa analia. Mwingine akanong'ona, bila kunong'ona sana, "Ni mashine ya Mama Viza hiyo."

Jina hilo lilikuwa la Ruthu. Kabla UPS haijanunuliwa, umeme ulikatika siku moja kutwa nzima, na mayai ya watu yakaharibikia ndani ya mashine. Wanawake wa mtaa wakampa jina la yai viza, yai lisiloanguliwa. Mwanzoni walilisema akishapita. Siku hizi hawakusubiri apite.

Angelina alilisikia. Yeye alikuwa mama mkwe wa Ruthu, na siku hiyo alikuwa amekaa kwenye kiti kikubwa kuliko vyote kwa sababu alikuwa mgeni kutoka Mvumi na kwa sababu ya umri wake. Ndiye aliyemuuza ndama wake mnadani ili UPS inunuliwe, asiendelee kusikia mke wa mwanawe akiitwa yai bovu. Sasa kitu alichokinunua kwa ndama kilikuwa kinamchekesha mtu mbele za Mungu.

Aliinuka polepole, akapita mlango wa ukumbi, akaingia chumba cha nyuma. Hakuwa anabahatisha. Siku ya kununua walikwenda wote dukani mjini, na Hanif, mwenye duka, alimwonyesha kwa kidole chake mwenyewe: "Ikipiga kelele, mama, bonyeza hapa, itanyamaza." Angelina akaweka kidole gumba juu ya kitufe na kubonyeza. Alikuwa mtu wa kufunga mbuzi kwa mafundo mawili na kurudi kuangalia kama komeo limeingia. Alibonyeza, akakaza, akaendelea kukaza. Mashine ikatoa mlio mmoja mrefu, kitu ndani yake kikasema tka, kukawa kimya. Taa yake ya njano nayo ikazimika, lakini umeme si ulikuwa umekatika, na taa zote za nyumba zilikuwa zimezimika.

Alirudi kwenye kiti chake. Methusela aliendelea na wagonjwa wake hadi mwisho, watu wakaitikia amina kwa nguvu zaidi ya kawaida, na kabla wimbo wa kufunga haujaisha umeme ulirudi wenyewe. Ruthu akaleta chai na viazi vitamu. Mama wa kwenye mkeka alimshika Angelina mkono na kumwambia kwamba kweli nyumba yenye mtu mzima ni nyumba. Angelina akanywa vikombe viwili.

*

Wageni waliondoka taratibu, kama wageni wa jumuiya wanavyoondoka, wakisimama mlangoni muda mrefu kuliko walivyokaa. Ruthu alimalizia vyombo, akafagia, akakunja mikeka. Jua lilikuwa limeanza kuwa kali alipoingia chumba cha nyuma kuangalia joto.

Kilichomsimamisha mlangoni ni ukimya. Chumba kile kilikuwa na mvumo wake, wa feni ndogo ya ndani ya mashine, ambao masikio yake yalishaacha kuusikia kama mtu anavyoacha kusikia pumzi zake. Sasa haukuwepo. Kioo kidogo cha mashine, kinachoonyesha joto, kilikuwa cheusi. Alibonyeza swichi ya ukutani, taa ya darini ikawaka vizuri tu. Umeme ulikuwepo nyumba nzima isipokuwa ndani ya kisanduku cheusi.

Alichomoa waya wa mashine kwenye UPS akauchomeka ukutani. Feni ikaanza kuzunguka, kioo kikawaka na kuandika joto: ishirini na nane. Ilitakiwa thelathini na saba na nusu. Ruthu alisimama akiitazama ile ishirini na nane kama mtu anayetazama gari likiondoka na mizigo yake.

"Mama," aliita. "Nani ameingia huku?"

Angelina alikuja akiwa bado na gauni lake la jumuiya. "Mimi."

"Ulifanya nini?"

"Niliinyamazisha. Watu walikuwa wanasali."

"Uliibonyezaje?"

"Kama watu wanavyobonyeza. Kwa kidole."

"Kwa muda gani, mama?"

Angelina alifikiri. "Mpaka ikatii."

Gerson, mume wa Ruthu, alikuwa amelala. Alikuwa mlinzi kwenye majengo mapya ya Mtumba na zamu yake ilikuwa imeisha asubuhi ile. Sauti za wanawake wawili wasiogombana zilimwamsha haraka kuliko ambavyo ugomvi ungemwamsha. Alikuja na bukta, macho mekundu, akaambiwa kwa maneno machache. Alimtazama mama yake, akamtazama mke wake, akachagua kumlaumu asiyekuwepo.

"Nilisema tusinunue kwa Hanif," alisema. "Yule anaongea sana." Akashika mlango wa mashine. "Tufungue tuyaone yakoje."

"Gerson, ukifungua huo mlango nakukata mkono," alisema Ruthu. "Joto lililobaki limo humo ndani. Ukifungua unalitoa kwa heshima zote."

Gerson aliondoa mkono. Alijua mke wake hakuwa na kisu, lakini pia alijua jikoni hakukuwa mbali.

"Hodi," ilisema sauti kutoka mlango wa mbele. Ilikuwa Naima.

*

Alikuwa amekuja kuangalia tu. Tangu apate habari za Busi alikuja kila siku, anasimama mbele ya kioo cha mlango wa mashine, anayatazama mayai ya mama yake kwa muda, anaondoka. Ruthu angeweza kumwambia njoo kesho, mashine inapumzishwa. Angelina na Gerson wote wawili waliliona wazo hilo likipita usoni pake. Lakini Ruthu alikuwa ameshaitwa Mama Viza kwa kosa ambalo halikuwa lake na hakuona faida ya kuongeza ambalo lingekuwa lake.

"Dada Naima, mashine ilizimika tangu asubuhi," alisema. "Nimeiwasha sasa hivi. Mayai yamepoa."

Naima alisimama na kandambili mkononi, hakuwa hata amezipanga mlangoni. "Yamepoa kiasi gani?"

"Sana."

"Kwa hiyo yamekufa."

"Sijui. Sikudanganyi, sijui."

"Lini utajua?"

"Kesho."

Naima aliitikia kwa kichwa, mara nyingi, kama mtu anayehesabiwa chenji asiyoiamini. "Ningejua ningeyakaanga nikala na mama yangu," alisema. "Angalau tungeshiba."

Hapo Angelina alifanya jambo ambalo Gerson hakuwahi kuliona maishani. Alisogea mbele ya yule mwanamke aliyekuwa mdogo kuliko mwanawe wa mwisho, akainua mkono wake wa kulia.

"Usimseme Ruthu," alisema. "Kidole ni hiki. Nilikuwa naona aibu mbele ya watu, nikaizima nikidhani nainyamazisha. Nisamehe, mwanangu."

Naima alitazama chini, akakumbuka hata salamu hakutoa. "Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba."

"Mimi ningekaa hapa kama hamjali." Akakaa sakafuni, mgongo ukutani, mbele ya kioo.

Ruthu alichukua simu akampigia Hanif, akaweka sauti ya nje ili wote wasikie.

"Mama Abeli!" alisema Hanif, akimwita kwa jina la mwanawe. "Karibu, tumeshusha feni mpya, nzuri sana kwa joto la—"

"Salamu na feni baadaye, Hanif. UPS yako imekufa na umeme upo."

"Taa gani inawaka?"

"Hakuna."

"Hata moja? Basi haijafa, imezimwa. Nani kaizima?"

"Uliyemfundisha. Ulimwambia ikipiga kelele abonyeze."

"Ndiyo, abonyeze! Abonyeze tu, sio—"

"Kubonyeza kiasi gani hukusema."

Upande wa pili kulisikika mteja akiuliza bei ya waya. "Kweli," alisema Hanif baadaye, kwa sauti ndogo. "Hilo sikusema. Sikiliza, Mama Abeli. Kitufe ni kimoja, kazi ni mbili. Ukikigusa na kuachia, inanyamaza lakini inaendelea kufanya kazi. Ukikishikilia, inazima kabisa. Na ikishazimwa, ukikishikilia tena, inawaka."

"Mbona umeme uliporudi haikuwaka yenyewe?"

"Kwa sababu ilizimwa na mtu. Ukiizima kwa mkono, inajua umeamua. Haiwezi kujiwasha kinyume na amri yako. Ikiishiwa betri ikazimika yenyewe, hapo ni tofauti, umeme ukirudi inaamka bila kuguswa. Ila hiyo ya kuzimwa na mtu itakaa hivyo hivyo mpaka mtu aje."

Angelina alikuwa amesogea hadi karibu na simu. "Na taa, baba?" aliuliza. "Niambie taa."

"Shikamoo mama. Kijani, umeme wa ukutani upo, nimetulia. Njano, natumia betri. Nyekundu, nimezidiwa mzigo, nipunguzieni. Na mlio: ukiwa wa polepole, niko kwenye betri lakini nina nguvu. Ukiwa wa harakaharaka, naishiwa. Ukiwa mmoja usiokatika, mmenibebesha kitu kizito, pasi au jagi la umeme."

"Kumbe inaongea," alisema Angelina.

"Inaongea, mama. Ndiyo maana haifai kuizuia kabla hujaielewa."

Ruthu akakata simu. Alisimama kando ya UPS lakini hakukigusa kitufe. "Mama, iwashe wewe," alisema.

"Mimi tena?"

"Wewe. Shikilia mpaka ilie, halafu achia."

Angelina alipiga goti kwenye saruji na gauni lake, akaweka kidole gumba palepale pa asubuhi. Alishikilia. Kisanduku kikalia mara moja, kifupi. Akaachia kama aliyeungua. Kikasema tka. Kisha taa ya kijani ikatokea, ndogo, tulivu, na Angelina akabaki amepiga goti akiitazama bila kupepesa.

"Imenielewa," alisema.

*

Umeme ulikatika tena mchana. Mashine ilikuwa imesharudishwa kwenye UPS na joto lilikuwa limepanda lote, likatulia kwenye namba yake. Feni ya ndani ilisita kidogo kama mtu aliyekosea hatua, ikaendelea. Kijani ikageuka njano. Piii.

"Polepole," alisema Angelina. "Ina nguvu."

"Haitakuwa nayo muda mrefu," alisema Ruthu. Alikuwa ameinama nyuma ya kisanduku. "Huu waya ni wa nini?"

Ulikuwa wa feni ya chumbani kwa Gerson. Aliuchomeka wakati wanawake wanaongea na Hanif, apate kulala kwenye ubaridi. "Nilidhani ina nafasi," alisema.

"Unakula betri ya vifaranga ili upepewe."

Gerson aliuchomoa mwenyewe. Kwenye kioo kidogo cha UPS kulikuwa na vijistari vinne vilivyopangana kuonyesha betri. Cha juu kilikuwa kimeshaondoka. Ili kufidia, akaenda kuchukua koti lake la ulinzi na blanketi mbili, akaanza kuizungushia mashine. Blanketi moja iliangukia juu ya UPS, Ruthu akaivuta. "Hapa hapana. Huku inapumua, unaona matundu? Wewe funika mayai, usinifunikie betri."

Walikaa wote wanne chumbani mle kwa joto la mchana wa Dodoma. Piii. Kimya. Piii. Kimya. Naima alikuwa ameegemeza kichwa ubavuni mwa mashine, pale ambapo koti la Gerson halikufika.

"Ruthu," alisema. Mara ya kwanza kumwita kwa jina lake. "Njoo hapa."

"Nini?"

"Njoo. Weka sikio."

Ruthu aliweka sikio kwenye ubao. Alisikia feni. UPS ikalia, piii, na baada yake, kutoka ndani kabisa, chini ya mvumo wa feni, kikasikika kitu chembamba kiasi kwamba alidhani ni damu ya sikio lake. Chwi. Akashika pumzi. Piii. Chwi, chwi. Hakikuwa kimoja.

"Mama," alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka kabisa. "Mama, njoo."

Angelina alisogea kwa magoti. Gerson akainama upande wa pili. Vichwa vinne vilizunguka sanduku la mbao lililovishwa koti la ulinzi, na kila kisanduku cheusi kilipolia, wale waliokuwa hawajazaliwa, waliojikunja ndani ya maganda yaliyofungwa pande zote, bila mwanga, bila kuwahi kuona kitu chochote cha dunia, waliitikia. Piii. Chwi chwi chwi. Kimya kilichofuata kilikuwa kimejaa.

"Wanadhani ni mama yao," alisema Gerson.

Hakuna aliyemcheka. Naima alikuwa amebana mtandio mdomoni. Angelina alifumba macho, sikio limegandamana na ubao, na midomo yake ilikuwa inatembea bila sauti. Alikuwa mtu aliyesali maisha yake yote katika nyumba za watu na makanisani, na hakukumbuka siku ambayo alijibiwa papo kwa papo namna hii, hata kama aliyekuwa anajibiwa hakuwa yeye.

Ruthu alijua kwamba angeweza kukigusa kitufe kidogo tu na mlio ungeisha, na kazi ikaendelea. Mkono wake ulisogea, kwa mazoea ya mtu asiyependa kelele ndani ya nyumba.

"Usiiguse," alisema Naima.

"Siigusi."

Mlango wa mbele uligongwa. Methusela alikuwa amesahau miwani yake. Aliifuata sauti hadi mlango wa chumba cha nyuma, akawakuta watu wazima wanne wamepiga magoti. "Bado tu inalia hiyo?" aliuliza. "Hamkupata fundi?"

"Mwenyekiti, vua kofia uje usikilize," alisema Angelina.

Methusela alikuja akiwa na neno la kusema. Akainama, akaweka sikio alipoonyeshwa. Piii, ikasema UPS, na wale wa ndani wakaitikia. Methusela alikaa hivyo mpaka mgongo ulipomuuma, akainuka, akaipata miwani yake juu ya kabati, akaondoka akiwa ameishika mkononi badala ya kuivaa.

Jioni ilipokaribia mlio ulibadilika. Ukawa wa harakaharaka, pi pi pi pi, na kijistari cha mwisho kikaanza kupepesa. Angelina hakuhitaji kuambiwa. "Inaishiwa," alisema. Gerson alikaza blanketi. Ruthu alitazama joto: thelathini na saba na nusu. Kisha UPS ikalia mlio mmoja mrefu, ikasema tka, na feni ikasimama, na kioo kikawa cheusi kama asubuhi.

Sasa hakukuwa na kitu cha kusikiliza. Gerson alinyoosha mkono kwenye kitufe. "Labda imebakiza kidogo. Tuishtue."

Mama yake alimdaka kiganja. "Acha."

"Mama, nataka kujaribu tu."

"Umesikia alivyosema Hanif. Haijazimwa na mtu. Imezimika yenyewe kwa njaa. Umeme ukirudi itaamka. Ukianza kuibonyezabonyeza utaichanganya, haitajua tumeamua nini." Aliushikilia mkono wa mwanawe kama alivyoushikilia alipokuwa anavuka naye barabara. "Mimi nimeshawahi kuharakisha. Kaa."

Wakakaa. Si kazi rahisi kukaa. Ruthu aliyekuwa na mikono isiyojua kupumzika aliiweka mapajani na kuikalisha hapo kwa nguvu. Joto la chumba lilianza kupungua, na kivuli cha nyumba ya jirani kikapanda dirishani. Walisikia mbuzi wa watu wakirudi, mtu akipiga deki, redio ya betri ya mbali. Hakuna aliyefungua mlango wa mashine. Hakuna aliyegusa kitu.

Waliojua kwanza kwamba umeme umerudi ni watoto wa mtaa. Kelele zao zilipita nyumba hadi nyumba. Macho manne yaliyochoka, kisha yote manane, yakageukia kisanduku. Kilikaa kimya kwa muda uliotosha kumfanya mtu akate tamaa. Tka. Kikalia mara moja. Taa ya kijani ikawaka bila mkono wa mtu yeyote, feni ikaanza kuzunguka, na kioo kikaandika thelathini na tatu.

Angelina aliuachia mkono wa Gerson. "Asante," alisema, na haikujulikana alikuwa anamwambia nani.

*

Jumapili alfajiri, wakati ambao vifaranga walitakiwa kutoboa, hakikutoboa kitu. Ruthu alimulika tochi kwenye kioo, akaona mayai meupe na ya kahawia yametulia kama yalivyowekwa. Angelina alivaa gauni la kanisani, kengele ya ibada ya kwanza ikalia, naye akaburuta kigoda hadi mbele ya mashine akakaa na gauni lake. Naima alifika kabla ya chai. Alimkuta bibi yule peke yake, akakaa naye.

Jua lilikuwa limeshaingia chumbani Naima aliposema, "Lile."

Ilikuwa trei ya chini, pembeni. Ganda lilikuwa na alama kama ya msumari. Waliitazama mpaka macho yakauma, na alama ikawa tundu, na ndani ya tundu kitu kikatikisika. Ruthu aliitwa, Gerson akaamshwa. Tundu lilikua kwa uvivu mkubwa. Kilichokuwemo kilipiga, kikapumzika muda mrefu hadi wakadhani basi, kikapiga tena. Ufa ukazunguka ganda. Kisha yai lilivimba, kweli lilivimba, likafunguka kama limesukumwa na bega, na kikatoka kitu kilicholowa, chenye shingo nyembamba tupu na macho yaliyofumba, kibaya kabisa, kikaanguka kifudifudi juu ya yai la jirani yake na kulala pale kikihema.

Angelina alikuwa amekamata magoti yake kwa mikono yote miwili.

"Nimefuga kuku tangu sijaolewa," alisema. "Sijawahi kuona hili. Kuku huwa analikalia. Unasikia tu chini ya tumbo, kesho yake unawaona wamekauka, wanatembea." Aliinama hadi pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo, akaufuta kwa ukingo wa kitenge. "Kumbe wanatoka hivi. Kumbe ni kazi hivi."

Jingine likatoboa trei ya juu. Jingine chini. Si yote; Ruthu, aliyezoea, aliona mapema kwamba yapo ambayo hayatafunguka, na safari hii alijua atawaambia wenyewe mapema na kwa mdomo wake. Lakini trei ya chini ilikuwa inatikisika mahali pengi.

Naima alitoa simu akapiga Busi. Ilichukua muda mtu kuipokea.

"Mama, asalaam aleikum. Sikiliza," alisema, akaibandika simu kwenye kioo cha mashine na kuishikilia hapo kwa kiganja.

Busi kulikuwa kimya. Wote chumbani walikisikia kile kimya, uwanja mtupu wa mama mmoja, upepo ukipita kwenye spika ndogo. Ndani ya kioo yule wa kwanza alijaribu kusimama, akaanguka, akalia kwa sauti kubwa kuliko mwili wake.

Sauti ya mama yake Naima ilitoka kwenye simu, ya kizee, imekauka. Haikuuliza wangapi, wala haikumsalimu mtu. Ilifanya kile ilichokuwa ikifanya kila asubuhi uani kwake, mtama ukiwa mkononi, kabla uani hapajawa patupu.

"Kuru, kuru, kuru," iliita. "Kuru, kuru, kuru."

Iliita tena, na tena, na hakuna aliyekata simu.